Mwalimu Gonga Tena

Usiku ule shemeji yangu alitoka na tochi kwenda kumtafuta binti yangu, nami nikabaki nimekaa kwenye kiti cha cherehani, mlango wa mbele nimeuacha wazi. Watu hudhani mwenye wasiwasi lazima azunguke chumbani kama kuku anayetaka kutaga. Mimi hukaa. Nikitembea nasikia hatua zangu mwenyewe, na nikisikia zangu siwezi kusikia za mtu anayekuja. Kila mbwa aliyebweka nilijua ni wa nyumba gani. Kila pikipiki iliyopita niliifuata kwa masikio mpaka ikaishia huko ilikokwenda.

Shemeji alirudi mara ya kwanza akasema stendi hayupo. Akatoka tena. Akarudi, akasema kwa rafiki zake hayupo, na darajani ameangalia. Neno hilo la daraja alilisema polepole, kama mtu anayetua mtungi uliojaa. Suruali yake ya kitambaa kizuri, niliyomshonea kwa ajili ya mchezo wa siku hiyo, ilikuwa na matope mpaka magotini. Kila alipopiga hatua kitu kililia mfukoni mwake, chuma kwa chuma. Nilikisikia. Sikuuliza ni nini, maana mtu anayemtafuta mwanao humuulizi mambo ya mfukoni.

Akaniambia nijilaze kidogo. Nikamwambia ajilaze yeye. Hakuna aliyejilaza. Akatoka tena.

Huyu shemeji yangu mji mzima unamjua kwa jina moja tu, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Wanamwita Gonga Tena.

Ni mdogo wa marehemu mume wangu, kitinda mimba kwao. Niliolewa nikamkuta ndani ya nyumba, mtoto mwembamba mwenye masikio makubwa, muoga wa giza, analala kwenye karakana ya kaka yake katikati ya mbao na maranda. Mume wangu alikuwa seremala. Asubuhi yule mtoto alitoka na maranda kichwani kama kifaranga, nami nikamkung'uta kabla hajaenda shule. Nimemnyoa, nimemfulia, nimemkalisha kitako nikamtoa funza. Nayasema haya mjue kwamba sikumjua kwa mbali.

Alipoingia sekondari alimkuta mwalimu mmoja mzee wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha mchezo wa kuigiza wa zamani sana, ulioandikwa na watu waliokwisha kuoza kabla babu za babu zetu hawajazaliwa. Kisa chenyewe ni cha mjane. Mtoto wake amemwasi mfalme, na mfalme ametoa amri kwamba popote mama huyo atakapobisha hodi, asifunguliwe. Anatembea nyumba kwa nyumba usiku wa baridi. Mwishoni anafika kwa dada yake wa tumbo moja, anagonga, na hapo mlangoni anasema maneno marefu, mazito, mpaka dada mtu anashindwa kuvumilia na kulivuta komeo.

Yule mzee alikuwa na namna yake ya kufundisha. Atakayekuwa mjane alitolewa nje, kwenye baraza la darasa, na mlango ukafungwa. Agonge mara tatu. Darasa zima liulize, "Nani?" Naye ayaseme yale maneno ya mjane kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kwa Kiingereza, bila kukatika. Akikatika, darasa linamjibu kwa pamoja: gonga tena. Halafu somo linaendelea, yeye yuko nje na mlango wake.

Siku hizo shule ilikuwa ya wavulana watupu, kwa hiyo hata mjane alikuwa mvulana. Mwaka ule mjane alikuwa shemeji. Alisimama nje muhula mzima, mvua ikimpiga ubavuni, anarudi nyumbani viatu vinalia maji. Mume wangu alitaka kwenda kuongea na yule mzee, kuongea kwake ni kwa mikono. Mtoto akamshika miguu asiende. Jioni alikuwa akizisemea mbao zilizoegemezwa ukutani, anazigongea, anazililia, mimi napika nacheka peke yangu. Kisha siku moja akaingia, akasimama katikati ya chumba, akasema, "Wamenifungulia." Akala sahani mbili, akalala na viatu.

Toka siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Kwake yeye, mlango ule ndio uliomzaa mara ya pili, na safari hii vizuri zaidi. Akasoma, akaenda chuo cha ualimu, akarudi shule ile ile, darasa lile lile, na kitabu kile kile ambacho jalada lake alilibandika kwa gundi ya kaka yake. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Mlango ulikuwapo.

Sasa shule ina wavulana na wasichana, naye kila mwaka akifika kwenye mchezo huo anachagua mjane wake. Hamchagui anayeweza. Anamchagua anayeogopa. Nayajua haya kwa kuwa kazi yangu ni kushona na kupunguza sare za shule, na wanafunzi wakisubiri sketi zao huongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kipande cha cherehani. Wananiita Mama Cherehani, na cherehani haina masikio.

Jina la Gonga Tena alipewa na wajane wake. Likatoka darasani likaingia mtaani. Akipita uwanjani mtu anagonga dawati, ngo ngo ngo. Akipita kwenye tangi la maji, ngo ngo ngo. Dukani, kwenye bati. Hata geti letu jioni, halafu miguu inakimbia na vicheko nyuma yake. Zamani nilikuwa natoka na rula ya mbao kuwafukuza. Yeye yupo mezani anasahihisha madaftari, hainui kichwa. "Waache, shemeji. Ukigeuka mara moja tu, umekwisha." Na kweli alijizoesha asigeuke. Ungeweza kugonga hadi kiganja kivimbe, yeye anatembea zake, shingo imenyooka kama ya mtu aliyejitwika maji.

Kuoa hakuoa. Alichumbia mara moja, na yule dada aliporudishiwa barua alizomwandikia, zimesahihishwa kwa wino mwekundu, akasema bora abaki kwao, hawezi kuolewa na mtihani. Tulicheka sana na mume wangu. Shemeji hakucheka. Alisema makosa ni makosa.

Mume wangu alipofariki, shemeji ndiye aliyebaki kuwa mwanamume wa nyumba. Siwezi kumnyima haki yake. Alimshika mkono binti yangu kaburini, akamfundisha kuendesha baiskeli, akamchongea penseli kwa kisu cha baba yake. Binti alimwita baba mdogo kwa sauti ambayo mtu angedhani hilo "mdogo" limewekwa kwa adabu tu.

Binti yangu ana kigugumizi. Hakimshiki wakati wote. Nikiwa nashona, mashine inanguruma, anaongea kama mvua juu ya bati, unatamani anyamaze. Macho ya watu yakimwelekea ndipo neno linapomganda mdomoni, na taya inatetemeka, na yeye anafumba jicho moja. Shemeji alikijua kigugumizi hicho toka kilipoanza.

Mwaka huu binti aliingia kidato cha tatu, darasa lake. Nilishukuru. Lakini kwenye chumba cha walimu maneno yalikwisha kuanza kwamba sasa tutaona, Gonga Tena ameletewa mtoto wa kaka yake, tutaona kama mlango utakuwa na komeo. Yalimfikia. Jioni hiyo, tunakula, akaweka kijiko chini akamwambia binti, "Shuleni mimi si baba mdogo wako." Binti akacheka, akadhani utani. Kesho yake akapewa kuwa mjane.

Nilingoja binti aende kuosha vyombo. Nikamwambia shemeji, huyu mtoto kigugumizi chake unakijua. Akasema ndiyo maana. Akasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamjibu methali hiyo ni ya wazazi, na siku niliyokuwa nasukuma kumzaa huyu sikumwona chumbani. Aliinamia sahani yake, nikadhani imemwingia. Kisha akasema kwa upole, upole ule wa mwalimu anayemrudishia mtoto daftari lenye sifuri:

"Shemeji, wewe Kiingereza hujui. Niachie mimi."

Na kweli sikijui. Mimi niliishia shule ya msingi, Kiingereza changu ni namba za kwenye futi kamba. Nikamwachia.

Muhula ukaenda. Binti hakusema kitu, ila soksi zake zikaanza kuchakaa kwenye visigino, za mtu anayesimama sana. Habari nilizipata kwa wateja. Siku moja walikuja wasichana watatu, mmoja wao kiranja wa darasa, ambaye alitaka sketi ibane kuliko sheria inavyoruhusu. Nimepiga magoti, pini ziko mdomoni, nazungushia pindo.

"Mjane leo amegonga mpaka kengele," akasema mmoja.

"Mbona mimi nilimsahau kabisa? Nimetoka kwenda msalani nikamkanyaga."

"Mwalimu wa hesabu kampita pale nje kamuuliza, wewe umekuja kushitaki nani?"

Wakacheka, kiranja akacheka mpaka pindo likanitoka mkononi. Ndipo akainama akaniona, mimi na gauni langu jeusi, akakumbuka kwamba nyumba ile ina mjane wa kweli.

"Samahani mama," akasema. "Hatukukusema wewe."

Wenzake wakaziba midomo, mabega yanaruka. Pini zikiwa mdomoni huwezi kumjibu mtu. Nikambana sketi kama alivyotaka. Nikaibana na zaidi ya alivyotaka.

Jioni binti alikuwa ananiambia, mama, piga mashine. Nikipiga, yeye anasimama nyuma yangu nisimwone, anayasema yale maneno. Maana yake aliniambia mara moja tu: nifungulie, wewe uliyekula nami sahani moja, sikuja na vita, nimekuja na mwili huu mmoja tu, nao una baridi. Mengine sikuyajua, ila wimbo wake niliujua wote, unapopanda, unaposhuka, mahali pa kuvuta pumzi. Aliusema mwanzo hadi mwisho, tena na tena, bila kukatika. Mashine ikisimama, naye anasimama.

Basi ikafika siku ya mchezo wenyewe, ukumbini, mbele ya wazazi na wageni na afisa elimu aliyekaa kwenye kiti chenye kitambaa. Shemeji hakutaka mlango wa pazia. Alisema mlango wa kitambaa haumfundishi mtu. Fundi wa shule akatengeneza mlango wa mbao na fremu yake, ukasimamishwa katikati ya jukwaa, na kwa nyuma ukatiwa komeo la chuma la kweli. Mimi nilishona gauni la mjane, nikamtilia binti mkasi wangu mdogo mfukoni kwa ajili ya nyuzi zinazoning'inia. Nikakaa safu ya wazazi, pembeni, mahali ambapo unauona mlango wa jukwaani mbele na nyuma yake pia, na pazia alikosimama shemeji.

Kiranja ndiye aliyekuwa dada mtu. Alisimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo, na darasa lote nyuma yake kama watu wa nyumba.

Binti akatokea. Akagonga mara tatu. Wakauliza, nani. Akaanza, wimbo ukapanda vizuri kabisa, nikamgusa mama aliyekaa karibu yangu nikamwambia, "Huyo ni wangu." Kisha ukakwama. Nikaona jicho moja linafumba. Na kutoka nyuma ya mlango, sauti za darasa zima, kwa mazoea yao ya muhula mzima, zikajibu: gonga tena.

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ndivyo mchezo ulivyo. Nami nilidhani hivyo hivyo. Nilitabasamu.

Akagonga. Akaanza, akakwama mapema zaidi. Gonga tena. Safari hii wanafunzi waliokaa nyuma ya ukumbi wakaitikia nao. Akagonga. Hata neno la kwanza halikutoka. Gonga tena, ukumbi mzima, na miguu sakafuni, na mama aliyekaa karibu yangu akaniangalia, akaangalia pembeni.

Nikamtazama shemeji. Kiranja naye alikuwa anamtazama, mkono uko juu ya komeo, anangoja. Sitamsingizia yule msichana, alikuwa tayari kuvuta. Kilichohitajika ni kidevu cha mtu mmoja kushuka chini. Shemeji akamtazama afisa elimu. Akawatazama walimu wenzake kwenye safu ya mbele, wamekunja mikono, wanasubiri kuona mtoto wa kaka anavyofunguliwa. Akatikisa kichwa. Hapana.

Binti aliliona hilo. Akageuka kutoka mlangoni, akamwelekea yeye pale kwenye pazia, na akasema kwa Kiswahili, sauti imenyooka kama uzi:

"Baba mdogo."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mtu aliyekuwa nyuma yangu alilia machozi. Binti akashuka kwa nyuma ya jukwaa, gauni jeusi nililomshonea likapotea.

Mnaweza kudhani hapo shemeji alimfuata. Alipanda jukwaani. Akasimama mbele ya mlango ule, akiwa na suruali yake mpya, akagonga mara tatu, akayasema maneno ya mjane yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukatika hata pumzi. Wimbo niliousikia mgongoni mwangu muhula mzima ulipita kinywani mwake kama maji kwenye bomba. Komeo likavutwa. Watu wakasimama kupiga makofi. Afisa elimu akampa mkono, hakuuachia haraka.

Nilingoja getini. Kiranja akapita akaniambia, mama, ameshatangulia, tumemwona akivuka uwanja. Nikaenda nyumbani mbio mbio. Hakuwapo. Mengine mnayajua, nimekwisha kuyasema: tochi, stendi, daraja.

Kulipopambazuka shemeji alikuwa amerudi, amekaa kwenye kizingiti anafungua kamba za viatu. Mlinzi wa shule akaingia getini na baiskeli yake. Alisalimia kwanza, kama ilivyo adabu, akauliza tumeamkaje, tukajibu salama, maana ulimi hujibu wenyewe.

"Nimekuja kwa Mwalimu," akasema. "Ndani ya ukumbi kuna mtu anagonga. Na ufunguo anao yeye."

Shemeji akatia mkono mfukoni. Ule mlio wa chuma kwa chuma, uliozunguka mji usiku kucha, ukatoka nje ukakaa kiganjani mwake, ufunguo wa ukumbi kwenye pete yake ya chuma. Akautazama kama mtu aliyeokota kitu cha mwingine.

"Nilisikia," akasema.

Nikamuuliza alisikia nini.

"Jana, wageni walipoondoka. Nimefunga kufuli, nimegeuka, mtu akagonga kwa ndani. Akagonga sana." Alikuwa anaongea na kile kiatu. "Nikadhani ni wao. Wale wanaonigongea. Sikugeuka."

Binti hakuwa amevuka uwanja wowote. Alikuwa amekaa kwenye chumba cha mavazi nyuma ya jukwaa, analia ndani ya nguo za watu, mpaka akasikia kufuli.

Nilimnyang'anya ufunguo. Nilikwenda mwenyewe, miguu mitupu, mlinzi akisukuma baiskeli nyuma yangu na kunieleza kwamba alidhani ni panya, panya wa ukumbini ni wakubwa. Nilipofungua, binti alikuwa amesimama karibu kabisa, ikabidi arudi nyuma mlango usimpige. Hakulia. Ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imechubuka mikono yote miwili. Mkono mmoja ulikuwa umekunjwa, umeshika kitu, na mkasi wangu mdogo ulikuwa sakafuni, ncha imepinda. Nilimuuliza hili na lile. Alitazama nje tu, mlangoni. Nilimkumbatia, akasimama tu ndani ya mikono yangu mpaka nilipomwachia.

Nyuma yake, jukwaani, ule mlango ulikuwa bado umesimama. Mahali pa komeo palikuwa na matundu ya skrubu.

Njiani watoto walikuwa wanaelekea shule. Mmoja alimtambua, akagonga begi lake, ngo ngo ngo. Binti hakugeuka. Nilipoona hakugeuka, shingo imenyooka vile, nilishikwa na baridi ambayo usiku mzima haikuwa imenishika.

Nyumbani alimpita baba yake mdogo kizingitini kama mtu anavyopita kiti. Akaingia chumbani kwangu, akavuta sanduku la zana za baba yake chini ya kitanda, akachukua bisibisi, akaenda chumbani kwake. Mlango wa chumba chake haujawahi kufungika. Mume wangu aliwatengenezea watu milango mji mzima, wa mwanawe akauacha na kitasa kibovu, kila siku kesho. Binti akausukuma ukarudi. Nikasikia bisibisi inakwaruza mbao, inazunguka, inapumzika, inazunguka. Skrubu ya kwanza, ya pili, mpaka zikaisha. Kisha chuma kikateleza, kikagota.

Shemeji alioga. Akavaa shati safi, akachana nywele, akaja kusimama mbele ya mlango ule. Nadhani alikuwa na maneno aliyoyapanga. Lakini mkono una mazoea yake. Uligonga mara tatu.

Kutoka ndani sauti ikauliza, kwa Kiingereza, lile neno moja ambalo hata mimi nalijua sasa: nani?

Akaweka kiganja kwenye mbao.

"Mwanangu, fungua. Ni mimi, baba yako mdogo."

"Simjui," akasema binti. Hakukuwa na kigugumizi. "Sema maneno yako. Bila kukatika."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu, akanitazama aone kama nami nacheka. Nilikuwa nimekaa kwenye mashine yangu, natia uzi kwenye tundu la sindano. Akarudi mlangoni, akajikohoza, akaanza. Alianza vizuri, ni maneno aliyoyasema zaidi ya alivyolisema jina la mama yake. Wimbo ukapanda. Ukafika pale pa sahani moja, wewe uliyekula nami. Hapo sauti ikamkatika.

"Gonga tena," akasema binti.

Akasubiri, kana kwamba hajasikia vizuri. Kisha akagonga. Akaulizwa nani. Akaanza, safari hii mbio, apite pale haraka kama mtu anayeruka mtaro, na hakufika hata kwenye mtaro.

"Gonga tena."

Hakuwa na hasira katika sauti ile. Ilikuwa sauti ya darasa zima. Shemeji akageuka. Yule mtu asiyegeuka akageuka mwili wote, mgongo kwenye mlango, macho mekundu, na nikayaona yale masikio makubwa ya mtoto wa kwenye maranda.

"Shemeji," akasema. "Tafadhali. Mwambie afungue."

Nikalowanisha ncha ya uzi mdomoni, nikaipitisha kwenye tundu, nikaivuta.

"Mimi Kiingereza sijui, shemeji," nikamwambia.

Nikashusha mguu kwenye kanyagio. Mashine ikanguruma. Chini ya ngurumo nilimsikia akigonga, mara tatu, akasubiri, akagonga tena. Nilikuwa na sketi za watu za kumaliza. Nilishona pindo moja likaisha, nikaanza jingine, na sikusikia chuma kikiteleza.